Mdakaji Asiyetajwa

Whitlock, Iowa
10 Septemba 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na bega lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila njaa. Chakula cha bwenini kina kila kitu isipokuwa ladha. Mwambie Mama nimeota kolache zake, yale maandazi yenye plamu ndani, na nikaamka kabla sijauma.

Habari kubwa ni hii: nimepata namba. Mwaka jana nilikuwa mbeba maji mwenye jezi safi, nakiri. Mwaka huu Kocha Purdy amenipa jezi namba themanini na nne na kunipanga pembeni, mdakaji wa kikosi cha kwanza, yule anayekimbia mbele kudaka mpira ukirushwa. Redio ya hapa mjini hutangaza mechi zetu kila Jumamosi saa saba mchana. Mawimbi yake ni dhaifu, lakini wanasema ukipata mahali pa juu inasikika hadi ng'ambo ya Mto Missouri. Jaribu pale kilimani kando ya makaburi.

Sijasahau makubaliano yetu. Ulisema ukiwa zizini, umemwegemea ng'ombe: "Ukicheza, kaa. Ukikalia benchi, rudi, mimi nina maziwa ya kukamua." Basi Baba, nacheza.

Msalimie Mama, msalimie jirani yetu Emil Kucera pamoja na mdomo wake, na Brok mkune masikio, asije akadhani mbwa husahauliwa.

Mwanao,
Milo

*

Krasna, Nebraska
1 Oktoba 1972

Mwanangu Milo,

Marahaba. Barua imefika, na mama yako ameisoma kwa sauti mpaka kuku wamejua umepata namba. Sisi wazima. Bega ni lile lile. Mahindi yamekauka vizuri, wiki ijayo tunavuna.

Jana nilipanda na pikapu hadi kilimani, nikaegesha kando ya makaburi, redio juu. Nilidhani niko peke yangu na marehemu. Kumbe Emil ameniona kutoka shambani kwake, akaja na bia zake. Redio ikakoroma weee, kisha ikatulia, tukasikiliza mechi nzima. Nimelisikia jina la huyo Lonnie Baskerville mpaka nikamchoka. Lonnie kauchukua, Lonnie kapita, Lonnie kaangushwa. Nimesikia hata jina la mwenye duka la matairi anayedhamini matangazo. Jina la Vavrina sikulisikia.

Emil akaniuliza, "Ladislav, una hakika mtoto yuko chuo hicho? Maana vyuo ni vingi."

Nikamwambia, "Funga bakuli lako."

"Nafunga. Nauliza tu. Au kabadili jina?"

Labda ulikuwa mgonjwa. Kama ni ugonjwa, andika. Kama ni benchi, andika pia.

Yule mtamba mwekundu katoroka tena. Hajazaa hata ndama mmoja lakini ana akili ya wakili. Tangu uondoke hapa hakuna anayejua kusimama langoni. Mimi bega linanikataza, Brok anabweka badala ya kufanya kazi, na mama yako anapunga aproni kama anayemuaga mtu stesheni. Mtamba tulimkuta kwenye mahindi ya Emil, kashiba, na Emil naye kapata la kusema hadi Krismasi.

Kula vizuri.

Baba yako

*

Whitlock
15 Oktoba 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo, na poleni kwa mavuno. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Pole kwa mtamba, na pole zaidi kwa kusikiliza mechi nzima na mzee Emil. Kuna watu wamefanywa watakatifu kwa mateso madogo kuliko hayo.

Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa benchini. Nilicheza mwanzo hadi mwisho, nikatoka na tope mpaka kwenye meno. Ngoja nikueleze vizuri. Kocha Purdy haamini mambo ya kurusha. Anasema mpira ukiwa hewani ni wa kila mtu, ukiwa kifuani mwa Lonnie ni wetu. Kwa hiyo haturushi. Lonnie anapewa mpira, anakimbia. Kazi yangu mimi ni kwenda mbele na kumzuia beki wao aliye upande wangu asimfikie. Kumshika hairuhusiwi, mwamuzi anapiga filimbi. Nasimama tu mbele yake, kila anakotaka kwenda ananikuta. Lonnie akishapita, mtangazaji anapiga kelele za Lonnie, na mimi nimebaki huko nyuma nimelaliana na beki kwenye tope. Nani atatangaza hilo?

Wenzangu wameniita Mdakaji Asiyedaka. Jana beki mmoja mnene aliniuliza katikati ya mchezo, "We jamaa, huna kwenu?" Nilifurahi kuliko ningepewa kikombe.

Jumatatu tunaangalia filamu ya mechi, chumba kizima. Kocha huisimamisha, anairudisha nyuma, anasema, "Mwangalieni Vavrina hapo pembeni." Basi wanapiga meza kwa ngumi. Hayo ndiyo makofi yangu, Baba. Hayafiki kilimani, lakini yapo.

Niamini tu.

Mwanao,
Milo

*

Krasna
12 Novemba 1972

Mwanangu Milo,

Salamu kutoka nyumbani. Theluji ya kwanza imeanguka, mama yako kaanza kukufumia sweta, usiseme nimekwambia. Tu wazima.

Nimeendelea kupanda kilimani kila Jumamosi. Msimu umekwisha na jina lako halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sikuiti mwongo. Nimekulea mwenyewe, na ulipovunja dirisha la kanisa ulikwenda kwa Padre Hajek kabla vioo havijapoa. Lakini jiweke mahali pangu. Nimefanya kazi tangu nikiwa na meno ya utoto, na najua mtu anayefanya kazi hutajwa, japo kwa kutukanwa. Mdakaji ambaye hadaki ni kama ng'ombe wa maziwa ambaye kazi yake ni kuwatazama wenzake wakikamuliwa.

Pale ghala la ushirika Emil aliwaambia watu, "Mtoto wa Ladislav ni mdakaji kweli, ila amekatazwa kugusa mpira." Walicheka wote. Nami nikacheka, na mama yako anasema niliporudi nilifunga mlango kwa nguvu.

Hofu yangu ni moja: kwamba unakalia benchi na unaona haya kusema. Benchi si dhambi. Lakini kukaa huko ukitazama wengine, wakati hapa kila alfajiri nanyanyua makopo ya maziwa kwa mkono mmoja, hapo sikubali. Mama yako amekuombea mwaka mwingine. Haya, mwaka mwingine. Sitaki miujiza, nataka jina tu.

Baba yako

*

Krasna
20 Oktoba 1973, Jumamosi jioni

Mwanangu Milo!

Afya yako nitaiulizia huko chini, kwanza hili.

Leo kilimani tulikuwa pikapu tatu. Mimi na mama yako na blanketi lake, Emil na bia zake, na Padre Hajek aliyesema amekuja kuwatembelea marehemu, lakini marehemu hawakai karibu na redio yangu. Mchezo ukawa mkali. Dakika za mwisho mko nyuma, na Lonnie kabanwa, hana pa kupita. Mtangazaji akasema, "Jamani, Whitlock wanarusha!" Mimi nikashika usukani kama vile gari linatembea. Kisha akapaza sauti: "Vavrina! Vavrina yuko peke yake! Hakuna mtu karibu naye, mpira uko hewani..."

Hapo redio ikaingia mkoromo, ikakata. Niliipiga ngumi. Padre akaiombea. Haikurudi.

Lakini nani alihitaji mengine? Mtu yuko peke yake, mpira unakuja, na mikono ni ya Vavrina. Mama yako alilia kwenye blanketi. Emil alivua kofia, mwanangu, na kofia ile haivuliwi hata mazishini. Tukashuka wote hadi kilabuni nikawanywesha watu bia, mimi huyu ambaye wanasema kibeti changu kina kutu.

Emil akasema, "Ladislav, mimi nilikuwa natania tu siku zote."

Nikamwambia, "Rudia, hawajasikia kule nyuma."

Niandikie upesi uniambie ilivyokuwa, tangu mpira ulipoondoka mikononi mwa mrushaji mpaka ulipovuka mstari. Nitaisoma ghalani mbele ya watu wote.

U mzima? Sisi wazima kabisa.

Baba yako

*

Whitlock
28 Oktoba 1973

Baba,

Shikamoo. Mwili hauna ugonjwa. Natumaini nanyi mko salama.

Barua yako imekaa mezani kwangu wiki nzima. Nimeisoma mpaka nimeikariri, na kila nikichukua kalamu naiweka chini. Bora niseme na yaishe.

Niliudondosha.

Ni kweli nilikuwa peke yangu. Beki wao alidhani nakwenda kumzuia kama kawaida, akakimbilia upande wa Lonnie, na mimi nikapita. Hata mrushaji wetu alirusha vizuri. Lakini nimezoea kumtafuta beki, Baba. Kila mchezo, kitu cha kwanza macho yangu hutafuta ni yule mtu wa kumzuia. Safari hii nikamtafuta, hayupo, nikageuka kumtafuta tena, na nilipoukumbuka mpira ulikuwa umeshafika kifuani. Ukagonga, ukaruka, ukaanguka kwenye nyasi. Tukafungwa.

Ningeweza kukudanganya. Redio ilikata, nani angejua? Lakini ningekudanganya leo, ile kweli niliyokwambia mwaka jana ungeiamini vipi?

Hakuna aliyenilaumu. Lonnie alinibebea begi hadi bwenini, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nawaza bia ulizowanunulia watu, nawaza Mama chini ya blanketi, na natamani ardhi ipasuke.

Tafadhali usiisome ghalani.

Mwanao,
Milo

*

Krasna
9 Desemba 1973

Milo,

Salamu. Ng'ombe wazima. Mama yako ana mafua, anakusalimu.

Ghalani walijua kabla barua yako haijafika. Binamu yake Emil anaishi upande wenu na ana simu. Hawakunicheka. Emil alinisogezea kiti tu, na ndipo nilipojua ni vibaya kiasi gani.

Nimefikiri sana huku nikikamua. Umejaribu, mwanangu, nani atakulaumu? Si kila mtu ameumbiwa mambo hayo. Bega langu limekwisha, daktari anasema nisinyanyue kitu, kana kwamba makopo yatajinyanyua. Mei ukifunga chuo, funga na vitu vyako. Lango linakungoja.

Baba yako

*

Whitlock
8 Septemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini bega linaendelea vizuri na Mama hajambo. Mimi nimefika salama. Hukuuliza, lakini nimefika.

Kiangazi chote tulikamua mimi na wewe, ubavu kwa ubavu, na hatukusema neno moja kuhusu mpira. Tulizungumza mvua, tukazungumza kwato, tukazungumza habari za Emil na trekta lake jipya. Mimi nilidhani kimya chako ni ruhusa. Kumbe nawe ulidhani kimya changu ni kukubali. Asubuhi ile niliposhuka na begi, ulikuwa umeshika ndoo. Uliiweka chini, ukageuka, ukaenda zizini. Hukunipa mkono. Mama alinifungia kolache kwenye taulo na kuniambia, "Atakuja kupoa, huyo ni kama jiwe la jiko." Mpaka naandika haya nalisikia joto lake.

Baba, mimi sichezi ili nije nichukuliwe na timu kubwa. Hakuna timu duniani inayomlipa mtu kwa kusimama njiani. Umebaki msimu huu mmoja, na Mei nachukua shahada yangu. Baada ya hapo nitarudi, nitanyanyua makopo yako yote, na mpira sitautaja tena. Lakini nikiondoka leo nitakuwa nimeondoka kama mtu aliyedondosha mpira mara moja na hakufanya kingine. Sivyo nilivyo. Watu arobaini hapa wanajua sivyo nilivyo. Wewe peke yako ndiye hujui, na wewe ndiye niliyetaka ujue.

Nipe baraka zako. Hata kwa postikadi.

Mwanao,
Milo

*

Whitlock
18 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Natumaini wazima. Sijapata jibu la barua zangu, na sikulaumu, najua ni wakati wa mavuno.

Kocha Purdy aliniuliza kwa nini watu wangu hawaonekani uwanjani. Nikamwambia ng'ombe hawana Jumamosi. Akauliza kama umewahi kuniona nikicheza. Nikasema hujawahi, unasikiliza redio. Akatoa kopo la filamu kabatini, ya mechi ya Jumamosi iliyopita. "Mpelekee mzee. Redio haina macho."

Nimeipakia kwenye basi pamoja na barua hii, itashushwa kituo cha mafuta pale njia panda. Padre Hajek ana projekta yake ya kufundishia katekisimu. Filamu haina sauti. Mimi ni themanini na nne, pembeni. Tafadhali irudishe kwa basi la Alhamisi, maana timu tutakayocheza nayo inaisubiri. Ndiyo desturi yetu, tunabadilishana.

Mwanao,
Milo

*

Krasna
20 Oktoba 1974, Jumapili

Mwanangu Milo,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu, na safari hii nauliza kwa moyo wote: u mzima? Goti? Mgongo? Maana leo nimeona unavyoanguka.

Kopo lilifika jana. Padre alitangaza mwisho wa misa, bila idhini yangu, kwamba mtoto wa Vavrina ataonyeshwa ukumbini. Basi kijiji kizima kikaingia. Tukafunga mapazia, mama yako akatundika shuka lake la harusi, Padre akawasha mashine. Tukatazama. Huyo Lonnie ni mwembamba kuliko redio ilivyosema, lakini anakimbia, haki ya Mungu. Watu walishangilia kana kwamba amezaliwa Krasna. Filamu ikaisha, taa zikawashwa.

Emil akaniuliza, "Sasa Milo yuko wapi?"

Ulinipa namba, ulinipa upande, na bado macho yangu yalikimbilia mpira kama ya watu wote. Mtoto wangu mwenyewe sikumwona. Watu wakala kolache wakaenda zao, wakinipigapiga begani, lile bovu.

Nikamwambia Padre airudishe mwanzo.

Akasema, "Ladislav, nina ubatizo saa tisa."

"Na mimi nina ng'ombe saa kumi. Washa."

Safari hii sikukaa. Nilisimama kando ya shuka, nikainua kofia yangu mbele ya mwanga, nikauziba mpira. Kila ulikokwenda niliuziba. Padre alidhani nimechanganyikiwa. Na hapo, Milo, ndipo nilipokuona.

Magoti umeyakunja kidogo. Mikono iko chini, wazi. Hukumrukia. Yule beki akatikisa kichwa kushoto, hukumwamini. Akachezesha mabega, hukumwamini. Ulikuwa unamtazama kitovu. Alipoamua kwenda kulia akakukuta umeshafika. Nikasema kwa sauti, "Mtamba mwekundu!" Mama yako akasimama. Alikuwa ameona naye.

Ulikuwa mtoto wa miaka minane nilipokusimamisha langoni mbele ya mtamba wa wakati ule, na fimbo nikakunyang'anya. Nilikwambia usimsukume, ana nguvu kuliko wewe. Usimkamate, atakuburuta. Kichwa chake usikitazame, kichwa hudanganya. Tazama kitovu, kinakoelekea ndiko anakokwenda. Simama anapotaka kupita kabla hajajua kwamba anataka kupita. Siku ile alikuangusha, ukalia, ukarudi langoni. Mimi nilikwenda kuchota maji nikasahau. Wewe ulilibeba lango langu mpaka Iowa, na miaka mitatu mimi nimekaa kilimani nangoja redio ilitaje.

Na kuna lingine. Mara nyingi mpira ulikwenda upande wa pili kabisa, mbali nawe, hakuna ambaye angejua kama ungetulia na kupumzika. Hukupumzika. Kila mara ulisimama mbele ya mtu wako mpaka filimbi ikalia. Padre aliniona nikilia, na amesema hilo ni siri ya kitubio. Emil asijue.

Ile asubuhi ya Agosti sikukupa mkono. Nakupa sasa, pokea. Cheza, mwanangu. Mtamba atatoroka, atarudi, Emil atapiga domo, maisha yataendelea.

Lakini mbona hukuniambia kwamba ni lile lile la langoni? Ningelielewa siku ya kwanza.

Baba yako

*

Whitlock
3 Novemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena, na ya tatu ni ya mkono ulionipa. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, ingawa goti limevimba. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za bwenini, Lonnie akapita akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtamba. Akaenda zake.

Unauliza mbona sikukwambia. Nilidhani unajua. Kwangu mimi kusimama ni kusimama, sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine. Kocha Purdy aliponiona mara ya kwanza aliuliza nani kanifundisha, nikasema baba yangu. Akauliza, "Alichezea timu gani?" Nikasema, "Ya Krasna." Akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba anaijua.

Mechi yangu ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita, hapa hapa. Najua ng'ombe hawana Jumamosi. Sikuombi, nakutajia tu.

Mbusu Mama. Shuka la harusi mwambie alifue, huenda Emil alilishika.

Mwanao,
Milo

*

Krasna
17 Novemba 1974, Jumapili

Mwanangu Milo,

Natumaini umeamka mzima na barafu iko juu ya goti. Sisi tumefika salama. Mama yako bado hajavua koti, anasema lina harufu ya uwanja.

Unisamehe kuondoka kabla ya filimbi ya mwisho bila kukuaga. Emil alijitolea kukamua jioni, akajifanya anajua, lakini ng'ombe wangu hawampendi na safari hii nawaunga mkono. Kolache tulimwachia Kocha Purdy, tukamwambia ni zako. Kama hajakupa, basi amefanya ambalo mtu yeyote angefanya.

Tulisimama kwenye uzio, upande wako. Yule beki uliyekuwa ukimzuia jana, namba ishirini na moja, ni mbishi. Mwanzoni alikuja na kiburi, kichwa huku, mabega kule. Nikamwambia mama yako, "Mngoje." Kipindi cha pili alikuwa ameshika kiuno. Kuna mara moja alijaribu kupita nyuma yako, ukarudi nyuma hatua bila kugeuka, akajigonga mwenyewe akakaa chini, na mimi nikapiga kelele mpaka bega likalia. Na kuna ile mara uwanja mzima uliposimama na kupiga mayowe, watu wote wamegeukia kule mwisho. Bibi mmoja mwenye kofia ya rangi zenu alinisukuma, "Mzee, unatazama wapi? Mpira uko kule!"

Nikamwambia, "Najua, bibi. Mwanangu yuko huku."

Basi leo baada ya misa wakanizunguka mlangoni mwa kanisa, Emil mbele, Padre nyuma yake bado na mavazi yake, wote wanataka habari. Nani kafunga? Ngapi kwa ngapi? Lonnie kakimbia vipi? Nikamgeukia mama yako. Naye akaangalia viatu vyake.

Niandikie upesi, mwanangu, hapa wananicheka. Nani alishinda?

Baba yako